Kitabu Hakikusema Vile, Mama

Mama,

Nimekasirika. Nakuambia mapema ili usisubiri salamu ndefu. Wajukuu ni wazima, kaburi lako tumelipalilia, na mto umetoka mara mbili tangu uondoke. Mara ya pili ulibeba mpunga wote wa shamba la chini. Hayo tutayaongea siku nyingine. Leo nimekuja kwa ajili ya kile kitabu chenye mke wa kizungu na keki kwenye jalada.

Unakijua. Ulikinunua njia panda ya Garsen, kwenye lile gari la vitabu lililokuwa likitoka Malindi. Enzi hizo kila aliyejihesabu msomi alikuwa na kitabu kimoja cha mwisho wa dunia, kimoja cha jambazi aliyeokoka gerezani, na riwaya mbili tatu za mapenzi alizozificha chini ya hivyo vya Kikristo. Wewe hukuficha kitu. Vyote vilikaa pamoja kwenye sanduku la bati, jambazi na muuguzi na nabii, na maji yakija sanduku lilipanda mtumbwi kabla ya magodoro. Baba alilalamika mpaka akachoka.

Na kila Alhamisi mchana akina mama wa kanisa walikuja uani kwetu, wengine na watoto mgongoni, wengine na nyungo zao za mchele wasipoteze muda. Ulikiweka kitabu cha Kiingereza mapajani ukawasomea kwa Kipokomo chetu moja kwa moja, bila kusita, unafungua ukurasa huku ukimfukuza kuku kwa mguu. Mimi nilikaa mlangoni nikichambua mchicha. Nilidhani kila msomaji duniani husoma hivyo.

Kitabu cha keki ndicho walichokipenda kupita vyote. Kiliandikwa na mke wa mchungaji wa ng'ambo, na jalada lilijigamba kwamba kimenunuliwa dunia nzima. Kwetu kiligeuka sheria. Bibi na bwana wakigombana, hata wazee wa kanisa waliuliza, "Hebu, kitabu kimesemaje?" Kitabu kilisema mke awe na kipande chake cha shamba, na atakachovuna hapo asiulizwe. Kitabu kilisema mume aliyechelewa kurudi apakue mwenyewe. Na sura ya saba, Mama, sura ya saba kila mwanamke hapa mtoni aliijua kwa moyo. Mume akiinua mkono, mke arudi kwao siku hiyohiyo, wala asirudishwe mpaka mume aje mwenyewe na wazee wake, aseme mbele za watu ni nini alichofanya.

Mimi sura ile niliiishi. Mwaka wa pili wa ndoa yangu Komora alinipiga kwa sababu ya kambare walioungua. Nilifika kwako mdomo umevimba hata jina lako sikuweza kulitamka vizuri. Hukulia. Ulinipa maji, ukakifunga kitabu ndani ya leso, ukaenda kukaa mbele ya wajomba zake. Ukakifungua ukawasomea. Mmoja alipoanza kuguna ulimwambia, "Usinitazame mimi. Mimi nasoma tu. Haya yameandikwa." Wiki haikuisha, Komora akaja. Alisimama pale uani, mwanamume mzima, akasema alichofanya, kambare na yote. Toka siku ile mkono wake haujanigusa kwa ubaya.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Tuna pasta mpya. Ni kijana mwenye adabu, sitamsema vibaya sana. Nitamsema vibaya kidogo. Alikuja na wazo kwamba kila Alhamisi akina mama tukitazame kimoja cha vile vitabu vilivyovuma zamani, vilivyowalea mama zetu, tuone bado vina nini cha kutufunza. Alipofika kwenye kile cha keki akaniomba nilete chako watu wakione. Nilikileta nimejifunga leso yako. Nilijiona mtu siku hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa nacho kwenye simu, chapa mpya, keki ileile ila mke amebadilishwa nywele.

Akaanza kutusomea kwa Kiswahili. Sura ya saba ilipofika wanawake walijiweka sawa, wengine tayari midomo inatangulia maneno. Na pasta akasoma kwamba mke akipigwa ajiulize kwanza amekosea wapi. Anyamaze. Ampikie mumewe chakula akipendacho, na asipeleke habari za nyumba yake kwa wazazi wala kwa majirani, kwa maana huko ni kumvunjia heshima.

Mama Buya aliinua mkono. Unamjua, haogopi mtu. "Pasta, umeruka."

"Sijaruka, mama."

"Umeruka. Hapo iko maneno ya kurudi kwao."

Wakaanza wengine. Soma pole pole, pasta. Rudi nyuma kidogo. Wewe bado kijana, hiyo Kingereza ya zamani ni ngumu. Mmoja akasema hicho cha simu kimeharibiwa na watu wa simu, apewe Naomi asome cha mama yake, ndicho cha kweli. Nami mwalimu mzima, mwenye kufundisha Kiingereza darasa la sita, nikasimama kwa kiburi nimwokoe pasta na aibu yake.

Nilisoma sura ya saba. Nikairudia. Nikasoma ya nane, labda ulichanganya. Nikarudi ya sita. Nyungo zimetulia, na mimi nafunua kurasa mbele na nyuma. Utaniuliza kwa nini sikuwahi kukisoma miaka yote hiyo. Nani anasoma kitabu anachokijua kwa moyo?

Haimo, Mama. Hakuna kurudi nyumbani wala wazee. Hata kipande cha shamba hakimo. Yule mwanamke wa keki hajui shamba ni nini.

Pasta akasema, kwa ule upole unaoniudhi kuliko kelele, "Basi marehemu mama yetu alikuwa akiwapotosha. Tumwombee." Wakainamisha vichwa. Wengine. Mama Buya hakuinamisha, wala mimi.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye sanduku lako, na jioni mbili sikupika. Nimevisoma vyote. Yule muuguzi uliyetuambia alimkataa daktari akafungua zahanati yake, kitabuni anaacha kazi na kuolewa, na ukurasa wa mwisho analia kwa furaha. Mpelelezi wa ile riwaya ya Nairobi anamzaba katibu wake makofi kila akikasirika, na wewe makofi yote uliyameza. Kile cha mwisho wa dunia kinasema wanawake wa kuogopwa siku za mwisho ni wale wenye kusema sana. Hilo nalo hatukulisikia. Nilicheka hapo, nakiri, nikiwa peke yangu, machozi yananitoka.

Halafu Komora. Nilipomweleza alipiga paja akacheka. "Kumbe nilidanganywa miaka yote hii!" Nikamuuliza, ulidanganywa ukakosa nini? Ulikosa kunivunja meno? Siku mbili nilimpakulia bila kumtazama, na siku ya tatu alipakua mwenyewe.

Nimemkasirikia yule mke wa mchungaji. Aliketi jikoni kwake kwenye stima na maji ya bomba, akaandika nyamaza, na dunia nzima ikanunua. Miaka yote hii ikanunua, wanaume wakawazawadia wake zao Krismasi, na sasa kimechapishwa upya na mke amewekwa nywele mpya. Ni wanawake wangapi walinyamaza kwa sababu yake? Wale ambao Alhamisi yao ilisomwa na mtu aliyesoma kilichoandikwa? Nimemkasirikia na pasta pia, aliyekuita mpotoshaji katika kanisa ulilofagia kwa mkono wako.

Lakini wewe, Mama. Wewe ndiye niliyekukasirikia zaidi na nimeizunguka hii barua yote nikiogopa kusema. Yale yalikuwa maneno yako. Wewe ndiye uliyeyafikiria, labda ukipalilia, labda ukiwa umelala kando ya Baba usiku mwingine hata mimi siujui. Yalikuwa mazuri. Yalitosha kumfanya mwanamume asimame uani akiri. Na ukampa yule mwanamke! Ukamvika yeye heshima yote. Uzee wako wote watu walisema kitabu kina hekima, kitabu kina hekima, na wewe uliketi hapo umekishika, ukaitikia. Ulinifundisha hata mimi kumshukuru. Nimewahi kumwombea yule mwanamke kanisani, Mama. Kwa jina.

Najua utakachojibu. Kwamba ungesema ni wewe, wajomba wa Komora wangekufukuza uani kabla hujaketi. Ni kweli. Na hiyo kweli ndiyo inayonichoma.

Ningeishia hapo, ila kuna Lidia. Ni mjukuu wa Mama Buya, ameolewa mwaka jana na kijana wa bodaboda pale Garsen. Kabla ya ile Alhamisi alikuwa ameshakuja kwangu kifundo cha mkono kimeteguka, kwa sababu bibi yake alimlea kwa sura ya saba, na kwa bibi yake ni ng'ambo ya mto. Yuko hapa, analala chumba chako. Nilimwambia tutangoja mume aje na wazee wake kama ilivyo desturi. Alikuwa akila vizuri. Baada ya ile Alhamisi habari zilifika Garsen kabla sijavua viatu. Baba mkwe wake akatuma ujumbe kwamba kitabu kimesahihishwa, mke arudi.

Leo asubuhi wamekuja. Wazee watatu, mume hayupo, eti ana abiria. Mkubwa wao ni mjomba wake Komora, kwa kuwa yule kijana naye ni wa ukoo wao, yuleyule mzee aliyeguna siku ile, sasa anatembea kwa fimbo. Nilikuwa nimekaa usiku nikipanga. Nilifikiri kufanya kama wewe. Ningekifungua nikasoma, hakuna hata mmoja wao anayejua Kiingereza, ningesema chapa ya simu ndiyo mbovu. Kitabu nilikuwa nacho mapajani. Lidia alisimama nyuma yangu ameshika mgongo wa kiti.

Mzee akauliza, "Haya mwalimu, kitabu inasema nini?"

Nikasema, "Kitabu kinasema arudi anyamaze. Mama yangu alisema asirudi mpaka mume aje mwenyewe na aseme alichofanya. Kati ya hao wawili mimi namfuata mama yangu."

"Na imeandikwa wapi hiyo ya mama yako?"

"Haijaandikwa popote, mjomba."

Nilidhani atacheka kama Komora. Wenzake walianza kusema hayo ni maneno ya mtu tu, tena ya mwanamke, tena amekufa. Yeye alimtazama Lidia mkono ule uliofungwa kitambaa, akajiegemeza kwenye fimbo akainuka, akawaambia wenzake twendeni. Walikwenda bila Lidia. Sijui kama wamekubali. Nafikiri hawajakubali. Watarudi, na pengine watarudi na pasta.

Kwa hiyo nakuahidi, Mama, na hii ndiyo sababu ya kuandika. Sanduku litapanda mtumbwi kabla ya magodoro kila mto ukitoka, kwa sababu ni lako. Lakini hakuna atakayesikia tena maneno yako kwa jina la mtu mwingine, si mlangoni kwangu. Alhamisi nitasimama mbele ya akina mama nitayasema yote, ya shamba na ya kupakua na ya kurudi kwao, mikono mitupu. Lidia hatatoka hapa mpaka yule kijana aje kwa miguu yake aseme.

Lala sasa. Hasira yangu itapoa, nawe unajua hunipoa polepole. Hapa tulikuita Mama Naomi mpaka tukakuzika, na vijana wengi hawajui kwamba ulikuwa na jina lingine. Wakirudi kuuliza ni nani aliyesema, nitawaambia: ni Raheli, wa Golbanti. Alisema mwenyewe.

Mwanao,
Naomi