Presha ya Mapacha

Shamba la mkonge, Same
14 Juni 1997

Mpendwa mdogo wangu Raheli,

Habari za huko Chome? Shemeji Elibariki na watoto hawajambo? Na Asheri wangu, anakusumbua? Tangu mama yake atutoke, wewe ndiye mama, basi mchape akistahili. Mimi huku nadunda, joto tu ndilo linalotumaliza.

Yale ya shamba kuuzwa yametimia. Serikali imetoka, ameingia tajiri mpya. Tuliachishwa wote, kisha tukaambiwa anayetaka kurudi korona, kwenye mashine za kukamua mkonge, apimwe afya kwanza. Mgonjwa hachukuliwi. Nikatangulia kujipima kwa siri mjini. Mganga akanifunga kile kitambaa mkononi, akapampu, akarudia tena. "Mzee, una presha. Tena kubwa." Nilicheka. Mzee gani, na miaka thelathini na minane? Halafu presha si ya akina mama?

Lakini kazi ningeikosa. Basi siku ya kupimwa akaingia Amiri, jirani yangu wa Kondoa, kwa jina langu. Mganga wa shamba alikuwa mgeni, hazijui sura zetu. Nimerudi kazini. Usimwambie mtu.

Kaka yako,
Melkizedeki


Chome
6 Julai 1997

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Baridi imetukamata lakini tu wazima, na maharage tumevuna, si haba. Asheri amerefuka, suruali zote zinamkimbia.

Barua yako nimecheka, kisha nikaogopa. Presha hiyo ninayo na mimi. Hukuambiwa kwa sababu mambo ya uzazi hatuwaambii ninyi wanaume. Ilinishika mimba ya mwisho, nikavimba mpaka uso, nusura nife. Mtoto alitoka, presha ikabaki. Ni mwaka wa tisa huu nashuka zahanati kila mwezi. Na bado nalima, na mkungu wa ndizi naufikisha gulioni mwenyewe. Kwa hiyo usikate tamaa, watu tunaishi nayo.

Ila umeze dawa, kaka. Kama unaogopa ya shambani, tafuta zahanati wasikokujua. Kumtuma Amiri kumekupa kazi, hakujakushushia presha.

Mdogo wako,
Raheli


Shamba la mkonge, Same
20 Novemba 1997

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Asheri nimemtumia viatu kwa dereva wa gari la Chome, nijulishe kama vinamtosha.

Maneno yako yamenitibu kuliko dawa. Tumbo moja, siku moja, presha moja. Kama wewe unapanda mlima na mkungu kichwani, mimi nitashindwaje? Vidonge nilianza, nikaacha. Zahanati ya shamba ni ya tajiri. Na mjini, mtu wa huku akiniona kwenye foleni ya kupima presha, habari itafika korona kabla yangu. Siku nyingine kichwa kinagonga mpaka meno yanauma. Nameza vya maumivu, viwili, vitatu, kinatulia, narudi kwenye mashine.

Mvua imeanza kwa fujo. Wanasema mwaka huu itakuwa ya kutisha.

Kaka yako,
Melkizedeki


Chome
3 Mei 1998

Kaka,

Hujambo? Nauliza kwa maana yake, si kwa desturi. Sisi tumepona, ingawa El Niño imekula barabara na shamba la kahawa la chini limeondoka na miti yake yote. Tangu Krismasi nimekuandikia mara mbili, nikadhani barua zimezama.

Jana amepanda Redempta, yule muuza vitenge wa Lembeni, kwa miguu kutoka barabara ilipokatika. Anasema alikuona Same siku ya Pasaka. Macho yamevimba, umevaa kandambili kwa kuwa viatu havikuingii. Alipokuuliza ulimjibu umelala vibaya. Kaka, mtu halali vibaya akavimba miguu! Mimi nilivimba hivyo hivyo, na kidogo nizikwe.

Nijibu hata mstari mmoja. Asheri ameacha kuuliza habari zako, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Mdogo wako,
Raheli


Hospitalini, Same
11 Agosti 1998

Mdogo wangu Raheli,

Salamu kwa wote. Naandika nimelala, vumilia mwandiko.

Nilianguka korona. Amiri alinivuta nguo, la sivyo mashine ingenichukua na mkonge. Hapa wamepima damu na mkojo. Daktari, mama mmoja aitwaye Safia, amekaa kitandani kwangu na kuniambia kwa upole: "Figo zako zimechoka sana, baba. Tunaweza kukupunguzia taabu, kukuponya hatuwezi." Mashine ya kusafisha damu huku kwetu hakuna.

Nikabisha. Nikamwambia nina pacha, presha yake ya miaka tisa na kitu, na jembe anashika. Akasema, "Yeye anameza dawa. Na tena ni mwanamke." Anasema mwanamke ambaye bado anaona siku zake, mara nyingi mwili humkinga kidogo, figo zake huchelewa kuumia. Sisi wanaume presha ile ile hutuwahi mapema. Na vile vidonge vya maumivu vilizidi kuzikaanga. Lakini sikiliza, Raheli: kinga hiyo haidumu. Siku zikikoma nawe unakuwa kama sisi. Usiache dawa hata mwezi mmoja.

Nilimwita meneja nikamweleza ukweli. Nikasema Amiri nilimshurutisha, wasimfukuze. Nikamwomba awapime wanaume wote wa korona na asiwafukuze watakaokutwa nayo. Amekubali kupima. La pili hakulijibu. Mimi nimetolewa kwenye nyumba ya kampuni.

Sina pa kwenda.

Kaka yako,
Melkizedeki


Chome
30 Agosti 1998

Kaka yangu,

Pole. Pole sana. Sijui niandike nini zaidi ya hapo, lakini nitaandika.

Nilikasirika siku mbili. Kisha nikashuka kupimwa mkojo na damu. Wameniambia figo zangu nzima. Nilikaa nje ya zahanati nikalia, Melki, kwa sababu sikufurahi. Niliona kama nimekula fungu letu sote wawili tukiwa bado tumboni. Nami ndiye niliyekuandikia kuwa watu tunaishi nayo.

Asheri nilikwenda naye. Presha yake iko sawa kwa sasa. Nimemweleza yote, sikumficha, na ameahidi kupimwa kila mwaka. Hakulia mbele yangu.

Unasema huna pa kwenda, na mimi niko hai? Njoo nyumbani. Chumba cha mama tumekipaka chokaa. Kande nitakupikia bila chumvi wala magadi, utanuna lakini utakula. Gari linafika mpaka kanisani sasa. Elibariki ameshaongea na vijana, watakuwa pale na machela Alhamisi ya tarehe kumi.

Mdogo wako,
Raheli


Same
9 Septemba 1998

Raheli,

Nimelala kwa Amiri, kesho alfajiri ananipandisha garini; barua hii inatangulia na gari la leo. Wanaume kumi na mmoja wa korona wamekutwa na presha. Wamepewa dawa, na mpaka leo hajafukuzwa mtu.

Siogopi kama nilivyokuwa naogopa pale hospitalini. Najua nakuja kukaa kidogo.

Mwambie Elibariki vijana waje, lakini machela waiache ukutani. Kutoka kanisani hadi kwetu nataka kutembea, hata tukifika jua limezama. Asheri asinione nimebebwa siku ya kwanza. Wewe kaa upande wangu wa kushoto, unishike mkono. Nikichoka nitakuambia.

Kaka yako,
Melkizedeki