Drili Iliyokunywa Tope

Rubondo, 6 Mei 2024

Yaya Capitoline, dada yangu mkubwa,

Salamu kwako na kwa watoto wote. Mimi na mke wangu Benitha tuko wazima, ila mvua imetutesa. Jumapili tukiwa kanisani maji yaliingia kwenye atelie yangu ya useremala. Mashini za marehemu shemeji, drili, randa na grainda, zilikuwa chini. Zimelowa zote. Usihangaike, nimezianika.

Mudogo wako, Ulrich

Kakoba, 8 Mei

Ulrich,

Watoto hawajambo. Kusalimia angalau unaweza.

Mume wangu alizibeba mashini hizo kichwani toka Uvira. Wewe umeshindwa kuziinua zifike mezani. Sasa sikia, na usome polepole: usichomeke hata moja kwenye umeme. Tope limebaki ndani. Zitume kwa Gervais, fundi wa motere hapa Kakoba, azifungue, azioshe, azipime.

Yaya wako

Rubondo, 11 Mei

Yaya,

Nashukuru kama mko salama. Kumbe wauza vitenge siku hizi wanajua motere? Nimechomeka drili kwenye jenereta ya jirani yetu Natanaeli, yule anayeezeka kanisa. Imenguruma vizuri! Ameipenda, nimemwazima. Usinifundishe kazi.

Mudogo wako, Ulrich

Kakoba, 19 Mei

Ulrich,

Leo siulizi afya yako.

Natanaeli yuko hospitali hapa mjini Mbarara. Umeme ulimshika juu ya paa, akaanguka. Mguu umevunjika, kiganja kimeungua. Mke wake ananiambia ulimhakikishia: "Drili ni nzima, yaya wangu aliipitisha kwa fundi." Jina langu, Ulrich! Mama huyo ameniletea drili, Gervais ameifungua mbele yangu, imejaa tope hadi kwenye swichi.

Mgonjwa anakutetea. Anasema hukujua. Nimemwacha aamini hivyo, kwa ajili yake, si yako.

Capitoline

Rubondo, 24 Mei

Yaya,

Natumaini mu wazima. Natanaeli alipanda pekupeku, tena mabati yalikuwa yameloa. Kosa si langu. Halafu Benitha amepakia randa na grainda kwenye pikipiki, ameondoka kuja kwako bila kuniaga. Mwambie arudi nazo. Nina kazi ya milango.

Mudogo wako, Ulrich

Kakoba, 27 Mei

Ulrich,

Benitha yuko kwangu, mzima, anakula vizuri. Randa imeoshwa, imepimwa, inafanya kazi. Gervais anamfundisha kuitumia, na mikono yake ni mitulivu. Wenye ile milango tumeshaongea nao. Wanamtaka yeye.

Ukikosa kazi, mwombe akuajiri. Atakupa ya kufagia.

Capitoline