Kiboko Ndani ya Soksi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Naahidi kuandika humu kila kitu, hata yale ya aibu. Nilitaka kuapa, lakini Mama anafundisha watoto wa Sabato kila wiki kwamba Mkristo haapi. Basi naahidi.

Tata anasafiri kesho kwenda Ujerumani. (Tata ndiye baba kwetu Wakisii. Nikiandika "Baba" humu nitajiona kama namwandikia mwalimu insha.) Kikundi chao cha wachongaji wa hapa Tabaka kimealikwa kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Anakwenda na mwenyekiti wao, Mzee Ishmael. Tata hajawahi kupanda ndege. Ameuliza mara nyingi kama madirisha yanafunguka.

Leo tulikwenda Kisii mjini kwa Thadeus, binamu ya Mama, mwenye duka la simu. Thadeus alieleza polepole. Laini ya Kenya inaweza kushika Ujerumani, lakini ni lazima roaming iwashwe ukiwa bado huku. Ukishuka kwenye ndege, data iwe imezimwa mpaka ununue bando la nje. La sivyo simu itajipakulia mambo yake — picha za kikundi cha ukoo, video za harusi za watu usiowajua — na salio litakwisha kabla hujapata begi lako. Tata aliitikia kwa kichwa kila neno, kama yuko kanisani. Thadeus akamwomba arudie.

"Nikifika nawasha data, nazima roaming," Tata akasema.

Thadeus aliketi. Akaanza upya.

Njiani nilijaribu kumfafanulia mimi. Tata aliniambia nisome vitabu vyangu, simu ni mambo ya watu wazima.

Sasa lile jambo lenyewe. Kwetu wanaume huchonga. Sisi wanawake na wasichana tunaosha mawe kwenye beseni, tunasugua kwa msasa mpaka yang'ae, tunapaka nta. Nimesugua vifaru na twiga tangu nikiwa mdogo. Najua kila mgongo. Nami nataka kuchonga. Muhula ujao nitachagua mkondo wa masomo ya juu, na ninautaka ule wa Sanaa, lakini Tata hajui, maana tukifika kwenye habari hiyo yeye husema "uuguzi" na kuendelea kula.

Kwa hiyo nimechonga kiboko. Mdogo, anatosha kwenye kiganja. Nilitumia kipande kilichotupwa cha jiwe letu laini na — hapa ndipo pa aibu — kisu kidogo cha Tata, kile cha mpini wa kufungwa waya, ambacho hakiguswi na mtu. Sikio moja limetoka vizuri. La pili linafanana na njugu.

Jioni nilimtia kiboko ndani ya soksi ya Tata, nikaisukuma soksi mpaka chini ya begi. Nataka amwone akiwa mbali, katikati ya kazi za wachongaji wa dunia nzima. Hapa nyumbani angemwona kama kichezeo tu.

Jumanne, 5 Agosti

Ameondoka. Nyanya aliomba sana juu ya begi, akitaja rubani, matairi na chakula cha ndege. Mkono wake ulikuwa juu ya soksi hasa. Nilifumba macho kwa nguvu kuliko wote.

Jioni Tata akapiga kutoka uwanja wa ndege Nairobi. Nyanya alitaka kujua kama Ujerumani kuna baridi. Tata akasema bado yuko Kenya. Nyanya akauliza tena kama kuna baridi.

Jumatano, 6 Agosti

Kimya. Nimemtumia Tata ujumbe wa WhatsApp: alama moja ya kijivu. Mama anapitapita mbele ya simu akijifanya anatafuta kijiko.

Mchana namba ngeni iliita, ndefu, yenye alama ya kujumlisha mbele. Mama akaikata. Kanisani tulionywa juu ya matapeli wanaopiga kutoka nje: ukipokea tu, salio lako linanyonywa. Ikaita tena. Mama akakata. Ikaita mara ya tatu, Mama akaifungia kabisa, akarudi jikoni kwa furaha ya mtu aliyefukuza mwizi.

Jioni tulimwombea Tata, popote alipo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nililala nikiifikiria ile namba. Asubuhi nilifungua kurasa za nyuma za shajara ya zamani ya Mama, ya ushirika wa chai — kule kuna ramani na namba za simu za nchi zote. Ujerumani ni 49. Namba ya tapeli inaanza na 49!

Nilimpelekea Mama ushahidi. Akaukunjia uso.

"Na matapeli wa Ujerumani wanatumia namba gani?"

 Niliihifadhi ile namba kwenye simu kwa jina "Labda Tata", kisha nikaitazama kwenye WhatsApp. Picha ikatokea: Tata amesimama kando ya twiga mrefu kuliko yeye, shati la Sabato, mdomo umefungwa kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Mama alikaa kwenye gunia la viazi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nadhani si kwa kucheka tu.

Tuliifungulia namba na kupiga. Kumbe roaming haikuwashwa hata kidogo. Tata anasema aliwasha "kitu fulani". Mzee Ishmael akamnunulia laini ya huko, simu ikamuuliza kama anataka kubadilisha namba ya WhatsApp, na Tata, kwa kuwa iliuliza kwa heshima, akakubali. Tangu jana anatupigia. Alidhani kuna msiba na tunamficha.

Ilikuwa simu ya video, lakini tuliona sikio lake tu. Mama akamwambia aiondoe simu sikioni. Tukaona dari. Nzuri, nyeupe.

Ndipo Nyanya alipoingia. Kwetu huwezi kusema habari kabla ya kusalimiana, na Nyanya hasalimii kwa mkato. Alimsalimia Tata, akamtaka Mzee Ishmael naye asogezwe asalimiwe, akauliza wenye nyumba wameamkaje, watoto wao je, ng'ombe wao je. Tata alisema hapa ni hosteli, hakuna ng'ombe. Nyanya akasikitika, akauliza basi wanakunywa maziwa ya nani. Tata alikuwa akijaribu kuingiza neno. Niliona jicho lake moja likinitafuta kwenye kioo.

"Nyakerario," akasema, "ile ki—"

Bando likaisha.

Ile ki. Ki nini? Nimekaa na "ki" mchana wote.

Ijumaa, 8 Agosti

Natamani ningebaki na "ki".

SMS imeingia jioni jua likiwa linakaribia kuzama. Mama aliisoma kwa sauti, nami nainakili kama ilivyo:

"Bando imeisha. Wifi ya hapa inashika kwa ngazi peke yake na Ishmael amekalia hiyo ngazi. Niliona kitu kwa soksi. Ambia Nyakerario kiboko yake nimeweka. Tutaongea nikikuja."

Mama akanitazama juu ya miwani. Akauliza niliweka nini kwenye soksi. Nikaeleza yote, kiboko na mkondo wa Sanaa, kwa pumzi moja. Akauliza jambo moja tu: nilitumia kisu gani. Nikamwambia.

"Basi hiyo ni fimbo," akasema, akaenda kuepua sufuria.

Hapa sina budi kutumia akili niliyofundishwa. Kiboko ni mnyama. Kiboko pia ni kile cha ngozi cha kuchapia, ambacho Tata hana, lakini ana mti wa mpera. "Nimeweka" nayo inaweza kuwa amemweka mnyama wangu mezani, kwenye maonyesho. Au ameniwekea akiba ya mapigo mpaka arudi.

Mwalimu Loice wa Kiswahili alitufundisha kwamba upatanisho wa ngeli ni taa ya sentensi. Mnyama: kiboko wake. Fimbo: kiboko chake. Tata angeandika "wake" ningelala, angeandika "chake" ningejua. Ameandika "yake"! Tata huandika "yake" kwa kila kitu. Mbuzi yake, kijiko yake, mtu yake. Nimemcheka mara nyingi kwa hilo, kimoyomoyo. Leo sicheki.

Kuna maana ya tatu. Mtu akiwazidi wenzake, vijana husema yeye ni kiboko. Naiandika tu ili orodha ikamilike. Siitegemei.

Nilitaka kumuuliza papo hapo. Mama akaelekeza kidole dirishani: jua limezama, Sabato imeingia, simu inaingia kabatini. Tata naye huko ataizima. Mpaka kesho jioni sitajua kama mimi ni mchongaji au mtuhumiwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Sabato. Mhubiri alichagua somo la watoto kuwatii wazazi. Masomo yote ya Biblia, na akachagua hilo leo!

Mama alinisogelea wakati wa wimbo, akaninong'oneza nisimame wima, mwenye kiboko chake huonekana kwa mabega. Alisema "chake" makusudi. Mama alipata alama nzuri za Kiswahili zamani.

Jioni simu ilitoka kabatini. Hakuna kitu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimempigia Mwalimu Loice, ambaye likizo yuko kwao Nyamira akichuma chai. Nilimuuliza kama kiboko wa jiwe anabaki katika ngeli ya wanyama au anakuwa kitu. Akafurahi sana kwamba nasoma wakati wa likizo. Akasema mnyama ni mnyama hata akiwa jiwe: kiboko wangu. Kisha akauliza swali limetoka kitabu gani. Nikasema limetoka Ujerumani.

Mchana Tata alituma picha. Inaonekana alipata ngazi. Kwetu mtandao ulikuwa mzito, picha ikaja ukungu mtupu, na duara likizunguka katikati. Nilipanda hadi kwenye machimbo, juu ambako simu hushika vizuri, nikaiinua kama mtu anayetaka kuanika kitu. Picha ikafunguka.

Meza nyeupe. Tembo wa Mzee Ishmael. Twiga wa Tata. Ile familia ya watu walioshikana mikono, ambayo niliisugua mimi. Kila kimoja kina karatasi ndogo ya bei. Na pembeni, mbele, karibu na mkono wa Tata — kiboko wangu! Sikio la njugu likiwa limeelekezwa upande wa watu, halikufichwa. Hana karatasi ya bei.

Nilikimbia nyumbani. Nyanya alimtazama sana, akasema ni nguruwe mzuri. Mama alikuza picha kwa vidole viwili, akairudisha, akaikuza tena. Nikamuuliza kwa nini kila kitu kina bei isipokuwa yeye.

"Labda hawana bei ndogo namna hiyo," akasema.

Lakini hakunirudishia simu mara moja.

Basi "nimeweka" ilikuwa mezani. Ama alimweka mezani, na fimbo bado iko palepale. Mambo yote mawili yanawezekana. Tata ni mtu wa mambo mawili.

Ila nimekumbuka hili. Kazi ikiwa na kasoro Tata hairuhusu itoke uani. Huirekebisha usiku huohuo, ya mtu yeyote. Kule anacho kisu chake, alikibeba kwenye begi kubwa. Angeweza kulisawazisha lile sikio kwa muda wa kunywa chai. Hakuligusa.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama amenunua bando la wiki. Amesema ni kwa ajili ya Nyanya, ili asalimie vizuri. Kisha ameniachia simu, jambo asilolifanya kamwe, akaenda kuchuma chai, akiniambia nisimalize bando lake kwa kutazama masikio.

Saa nne nikiwa kwenye beseni, mikono ina unga wa jiwe, SMS ikaingia. Nilijipangusa kwenye sketi. Si ya Mama. Imeandikwa jina langu mwanzo.

"Nyakerario. Masikio ulichonga na kisu gani."

Hakuna alama ya kuuliza. Tata haweki alama ya kuuliza. Nimeisoma kwa sauti ya hasira, ikafaa. Nimeisoma kwa sauti ile anayotumia akiongea na wachongaji wenzake, wakiwa wamechuchumaa na kugeuzageuza jiwe — ikafaa pia. Ikafaa zaidi. Au ni mimi ninayetaka.

Sijawahi kuulizwa na Tata swali la kisu. Huniuliza kama maji ya beseni yamebadilishwa.

Nimeahidi kuandika kila kitu, na itakuwa vibaya kusema kweli humu tu. Nimeandika, nikafuta, nikaandika. Nikaweka upatanisho wote sawasawa, hata yeye asipoujali. Nimebonyeza kutuma. Alama moja ya kijivu. Ishmael huenda amekalia ngazi.

Hivi ndivyo nilivyomwandikia, nikianza na salamu ya asubuhi ya kwetu:

"Tata, bwakire buya. Nilitumia kile kidogo cha mpini wa waya. Nilikirudisha mahali pake kikiwa kisafi. Nisamehe kwa kutoomba. Sikio la pili lilinishinda kwa sababu sijui kisu kigeuzwe vipi jiwe likiwa jembamba. Nyanya na wote wanakusalimu, nimewasalimia kwa niaba yako ili tusipoteze bando. Tafadhali nijibu ukiwa bado kwenye ngazi, hata kwa neno moja: ni kiboko wangu, au ni kiboko changu?"