Wakaguzi wa Ufadhili Walikuta Friji la Jirani

Mpendwa Manang Salud,

Nakuamkia kwa heshima, dada yangu mkubwa, na unisamehe barua hii ikikosa vituo, maana nikisimama kuvuta pumzi nitaichana. Mimi ni binti wa Sibalom, hapahapa mkoani Antike, ng'ambo ya mto. Gazeti lako Mama hulitumia kufungia keki za mchele anazouza, na mimi hulisoma kabla halijapata mafuta, kwa hiyo nakujua, wewe ndiye hunijui.

Mwaka mzima nimehangaika kutafuta ufadhili wa masomo. Chuo cha serikali kule Iloilo kimenikubali nikasome elimu ya miamba, na ada hatutozwi, lakini pa kulala, chakula na vitabu vinatushinda, Baba anakata miwa kisiwani Negros na harudi mpaka msimu uishe, na kila mfuko wa ufadhili nilioubishia hodi ulitaka karatasi ya mshahara wake, na mkata miwa ni nani wa kumpa karatasi? Nikaomba kwa mheshimiwa mbunge, nikaomba parokiani, nikaomba kwa chama cha watu wetu walioko nje, mpaka nikapata mfuko mmoja wa familia tajiri ya mjini ambao haukutaka karatasi, ulitaka mtihani tu, halafu watu wao waje waone tunavyoishi. Mtihani nikafaulu. Wakasema watafika Jumamosi.

Hapo ndipo nilipoharibu, Manang. Nilimwambia Mama, "Jumamosi tuna wageni wa ufadhili," nikaishia hapo. Na wewe unawajua watu wa kwetu wakisikia neno wageni: Mama akatoka mlango hadi mlango.

Siku moja kabla ya ugeni natoka kisimani naona kochi la mke wa mwenyekiti wa kijiji linavuka mto. Wanaume wamelibeba vichwani, maji yamewafika kifuani, na kaka yetu Manong Isko, kinyozi, ametangulia anawaonyesha pa kukanyaga, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatania, wao ambao hutania hata msibani. Nyuma likafuata friji la Manang Luding mwenye duka, limefungwa kamba kwenye mianzi miwili, duka lake limebaki na soda za moto kwa ajili yangu, kisha feni, kisha sahani za kaure za mwalimu mkuu, kisha mjomba na nguruwe aliyekuwa anamnonesha kwa sikukuu ya mtakatifu wetu, na mwisho bango kubwa lenye picha yangu, limeandikwa hongera, nami bado sijapewa kitu.

Nilijua kosa lilikuwa wapi. Nilifungua mdomo niseme jamani rudisheni, hawa hawaji kula, wanakuja kuona kama tuna shida. Lakini Mama alikuwa amesimama ukingoni na gauni lake la kanisani, analia huku anacheka, akanishika mkono akasema, "Unaona, mwanangu? Miaka yote hii nilidhani tuko peke yetu." Nikafunga mdomo. Mwili mzima ulinisisimka, Manang, nikatazama wale watu wanavyopanda ukingo wanachuruzika maji, nikaona sijawahi kuwaona, ingawa nimezaliwa mikononi mwao.

Nyumba yetu ni ya mianzi na makuti, ina waya mmoja wa taa, friji halikuwa na pa kuchomekwa, basi wakalijaza barafu ya kununua na kulifunika kitambaa cha kusuka. Bibi Belarmino aliyetumwa na mfuko ni mama mpole, alikula, akasifu, akaketi kwenye kochi akatazama huku na huku. Akamuuliza Mama, "Vitu hivi vyote ni vyenu, Nanay?" Dirishani palikuwa na vichwa vya kijiji kizima. Mama akasema, "Ndiyo, Madam. Ongeza wali."

Juzi ujumbe umeingia kwenye simu. Wanasema nimefaulu vizuri sana ila familia yangu inaonekana kujiweza, nafasi nitapewa tu ikibaki, na mwenye la kueleza aeleze kabla ya mwezi kuisha. Mama hajui. Anawaambia wateja wake kwamba nimeshapata, amekwisha kuninunulia hata viatu. Nikieleza ukweli, nitakuwa nimemwita mama yangu mwongo na kijiji kizima nimekifanya shahidi wa uongo, wao walioloa kwa ajili yangu. Nikinyamaza, chuo kitafungua bila mimi. Rafiki yangu ananiambia, "Peleka maelezo kimyakimya, mama yako atajulia wapi?" Usiku silali, Manang, na nikilala naliona lile kochi. Nifanye nini?

Wako katika heshima,
Binti wa Ng'ambo ya Mto

*

Binti yangu,

Nimeiandika safu hii kwa muda mrefu, na barua za ufadhili najua zinavyokuja: sina mtu, sina mtu, sina mtu. Yako niliisoma nikafika kwenye kochi mtoni, nikaweka miwani mezani nikakaa tu. Mhariri aliniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia hapana, nimepata habari kubwa, niache kidogo.

Sasa nimemaliza kukaa, nikugombeze.

Wewe ndiye uliyesoma. Wewe ndiye uliyejua kwamba hawa ni wakaguzi. Ukamtupia mama yako neno moja na kumwachia alibebe, halafu leo unaogopa kumwita mwongo? Mama yako aliulizwa mbele ya majirani kama vitu ni vyake. Ulitaka ajibu nini, "Hapana Madam, hilo unalokalia ni la mke wa mwenyekiti"? Hapa Antike mtu hamwaibishi mgeni aliyekwisha keti. Alificha aibu kwa adabu aliyolelewa nayo. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na hapa anayezuiwa kuzaa ni wewe.

Huyo rafiki yako anayekwambia upeleke maelezo kimyakimya, mpikie chai, umshukuru, usimfuate. Kijiji kilichobeba friji kitajua ndani ya siku moja, na mama yako atalisikia sokoni kutoka kwa mtu mwingine. Hilo ndilo litakalomvunja, siyo ukweli. Mwambie mwenyewe, leo. Tena fanya haraka, maana jibu hili nalo litafungia keki za mtu.

Mkalishe, usianze na ule ujumbe. Anza na kosa lako. Mwambie, Mama, sikukueleza vizuri, wale walikuja kuangalia tunakosa nini. Pengine atasema yeye ndiye aliyekuharibia maisha, na hapo usimkatize kwa machozi yako, mwambie ulivyojisikia pale ukingoni, kama ulivyoniambia mimi. Naapa hajui. Anadhani aliazima vyombo tu.

Halafu mwende wote wawili kwa mwenyekiti. Mkewe ndiye mwenye kochi, hatakosa la kusema. Kila aliyeazimisha aseme kwa maandishi yake alileta nini na kilirudi lini, kinyozi naye aseme alivyowavusha. Wala usiwaombe msamaha kwa wema wao, utawatukana. Waambie tu kwamba mgeni amekielewa kijiji kinyume, na mnataka kumwelewesha. Watacheka mpaka mto usikie, kisha watakuandikia.

Maelezo yenyewe usiyapambe. Usiandike tulidanganya, na usiandike tulielewa vibaya kama mwanasheria. Andika yale yale uliyoniandikia mimi, kwa mpangilio uleule, pamoja na barafu ndani ya friji. Bibi Belarmino amekaa kwenye hilo kochi, amekula huyo nguruwe. Kama ana moyo, atajua alichokalia. Mwombe aje tena, na asiseme siku.

Na usiweke mayai yote kwenye kapu moja. Ofisi ya ufadhili ya mkoa bado inapokea maombi, na kwa habari ya karatasi ya mshahara, barua ya kiapo ya baba yako pamoja na ya mwenyekiti hukubalika mahali pengi, ila hakuna anayekwambia mpaka uulize. Uliza. Mdomo ulioufunga mtoni, ufungue kwenye madirisha ya ofisi. Hata Bibi Belarmino na wenzake wakikukatalia tena, nenda mahali pengine ukiwa na barua za watu wako mkononi. Watoto wengi wa wenye nacho hawawezi kupata mtu mmoja wa kuingia majini kwa ajili yao.

Jambo la mwisho ndilo gumu. Watakapokuja mara ya pili, mama yako atataka kutoka tena mlango hadi mlango, maana ndivyo alivyoumbwa. Atakuuliza mgeni atakaa wapi. Mshike mkono, umwambie: atakaa pale unapokaa wewe, Mama, kila siku.

Manang Salud