Alama Niliyoiweka Siifuti

Visiga, Kibaha
Jumapili

Kaka yangu Saidi,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na sasa unafika msikitini bila kushikwa mkono. Wifi yangu namsalimu sana, maana najua ndiye anayekusomea. Wifi, soma polepole, na akianza kukukatisha mwambie nimesema bado sijamaliza. Sisi huku ni wazima. Mihogo niliyopanda nyuma ya nyumba imeshika vizuri kuliko ya jirani mwenye trekta.

Naandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize neno. Umesema nirudi Tunduru kabla ya korosho. Umesema mtu mzima kujifanya mgonjwa mbele ya watoto wa watu ni kujiitia maradhi, na kwamba Zuhura anamfanya mama yake kichekesho. Wewe ndiye mjomba wake, na kwetu mjomba akisema amesema. Lakini hili ulilisikia nusu, kwa hiyo kaa nikupe lote.

Mpwa wako anafundisha wafamasia. Hilo unalijua. Usilolijua ni kazi aliyokuwa anaifanya miaka yote ile uliyokuwa unauliza mbona haolewi. Alikuwa anakaa kwenye maduka ya dawa na madirisha ya zahanati, Kisarawe yote mpaka Magindu kwa wafugaji, anatazama na kuandika. Mtu anapewa dawa, anaulizwa, "Umeelewa?" Anajibu, "Ndiyo." Zuhura anamwomba ruhusa, anamfuata mpaka nyumbani, anamwambia amwonyeshe anavyoitumia. Kaka, ni maajabu! Kuna mama alikuwa anamlambisha mtoto unga mkavu wa dawa ya kuchanganya na maji. Na wote walikuwa wamesema wameelewa. Nani atamwambia kijana wa koti jeupe, foleni imejaa nyuma yake, kwamba hajaelewa? Hata mimi sijawahi.

Basi mwanangu akaandika kwamba swali hilo liachwe. Mwanafunzi amwambie mgonjwa, "Nieleze utakavyofanya ukifika nyumbani." Akaandika tena kwamba kwenye mitihani yao wakae watu wa mtaani, wajifanye wagonjwa, na wao pia watoe alama. Sasa hivi vyuo vingine vinafundisha hivyo. Watu wa nchi ambazo hata kuzitamka siwezi, wakiandika mambo yao wanamtaja, na jina wanalotaja ni la marehemu baba yake, mtu aliyekufa akiuza chumvi sokoni. Ninyamaze kwa lipi? Nimemwambia kila mtu hapa Visiga, na asiyetaka kusikia nimemwambia mara mbili.

Mimi ni mmoja wa hao wagonjwa wa kujifanya, na mtihani wa juzi nilikuwa bibi mwenye mjukuu anayekohoa. Akaingia binti mmoja, kauli tamu kama mtangazaji wa redio. Akanipa chupa ya unga wa dawa na kijiko cha kupimia, akaeleza mbio mbio: weka maji mpaka kwenye mstari, tikisa, mpe asubuhi, mchana na jioni. Kisha, "Umeelewa, bibi?" Nikasema, "Ndiyo, mjukuu wangu." Akasema, "Haya, mtoto apone haraka." Akaondoka. Karatasi yangu ina swali moja tu: je, ungeweza kumpa mtoto dawa hii sawasawa? Nikaweka alama kwenye "hapana".

Yule binti akafeli. Baba yake ana maduka ya dawa, mtu mwenye sauti mjini, akaja juu. Nikaitwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Yule binti alikuwa amekaa kando ya baba yake. Zuhura naye alikuwepo, ameinamisha kichwa, maana akinitetea wataambiana ni mama yake.

"Binti yangu amesoma miaka mitatu," yule baba akasema, "leo aangushwe na mama aliyeishia la nne?"

Nikamwambia, "La nne kweli, baba, na nilikuwa wa pili darasani. Lakini wanaokuja dukani kwako ni maprofesa, au ni akina mimi?"

Mkuu akasema kwa upole, "Mama, labda uitazame tena alama yako."

Hapo nikaona kila kitu, kaka. Nikiifuta, kazi yote ya mwanangu inageuka kichekesho kweli, kama ulivyosema wewe. Nikaomba ile chupa. Nikachota unga kwenye kijiko, nikadondosha maji mpaka kwenye mstari wa kijiko, nikakitikisa. Unga ukamwagika mezani.

"Sivyo, mama!" yule baba akaruka. "Mstari ni wa kwenye chupa!"

"Hakunionyesha ni upi. Na nilisema nimeelewa."

Akaichukua chupa mwenyewe. Akaeleza vizuri, simnyimi haki yake: maji yachemshwe yapoe, mstari huu hapa, changanya mara moja tu, mtoto amalize siku zote hata akipata nafuu. Alipomaliza akanitazama.

"Umeelewa, mama?"

"Ndiyo, mwanangu," nikamjibu.

Binti yake ndiye aliyesema, taratibu, "Baba, hapo na wewe umefeli."

Alama ikabaki. Binti akarudia mtihani kwa mama mwingine, akafaulu, na sasa yuko Kisarawe kwa mazoezi.

Kwa hiyo sirudi. Kiti changu cha ugonjwa nakikalia tena muhula ujao, na ukitaka waambie wazee wote.

Sasa nije kwako. Wifi ameniambia vidonge vya presha unameza siku kichwa kikiuma tu. Ulipopewa ulisema umeelewa, nakujua. Wifi, ishushe barua, lete hivyo vidonge, akueleze anavyovimeza, siku hadi siku. Halafu ampigie Zuhura amweleze vilevile. Kaka, mama alituacha bila kuaga, na sisi tulibaki kuulizana dawa zake zilikuwa za nini. Mimi sitaulizwa hivyo juu yako.

Nisalimie shangazi yetu mzee, mwambie kanga yake ninayo. Msalimie na fundi baiskeli wa jirani.

Zuhura anakuamkia. Anasubiri simu yako, na mimi nimekaa hapa pembeni yake.

Mdogo wako akupendaye,
Mama wa Dokta Zuhura