Marahaba Iliyonata Mdomoni

Jumapili. Jua la Kilosa lilianza kuchoma kabla sijamaliza kufagia uwanja, na mdomo wangu ulikuwa umeshakauka kabla ya uwanja wenyewe.

Leo sitajisifu. Haya, kidogo tu. Rehema wangu, niliyemzaa mimi niliyeishia darasa la saba, anaendesha gari la watalii kule Mikumi. Usukani mkononi, tembo wamesimama mbele, na yeye anawaeleza wageni kwa Kiingereza. Hapa mtaani kwetu, Magomeni ya Kilosa, hakuna asiyejua, maana nimewaambia wote.

Ndiyo sababu walisema nimeota mapembe. Miezi hii watoto wa jirani wakiniamkia nilikuwa nakaa kimya. "Mama Rehema siku hizi marahaba anaiuza," alisema Mama Shida pale bombani, tena kwa sauti nisikie. Ningemjibu nini, na ulimi umenata juu kama chapati kwenye kikaango kisicho na mafuta?

Nikawa nanyonya pipi kutwa. Jino likaoza. Nikadhani uzee, nikadhani mkono wa mtu. Rehema sikumwambia.

Wiki iliyopita nikaenda kumtembelea. Akashuka garini mbele ya wenzake, akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama." Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Tabasamu lake likabaki midomoni, machoni likaondoka.

Uso ule naujua. Niliuvaa mimi, kijijini Kidete, mbele ya mama yangu.

Mama, miaka yake ya mwisho, aliacha kuitikia shikamoo yangu. Nilisimama mlangoni na kanga mpya nilizomletea, nikaamkia mara ya kwanza, ya pili, naye ananitazama tu, midomo inacheza. Nikajua amenikasirikia kwa kuhamia mjini. Nami nina kiburi, nikasema basi. Nikapunguza kwenda. Vitu nikawa natuma na watu.

Alipofariki sikuwapo.

Kikombe chake cha bati kilikuwa hakitoki mkononi. Nilidhani ni mazoea ya uzee.

Siku ile Mikumi, Rehema alinipa chupa yake ya maji. Nikapiga funda, nikasema, "Marahaba mwanangu," kisha nikalia mbele ya madereva wote. Nikamweleza yote. Kesho yake akanipeleka zahanati.

Muuguzi alikuwa binti mdogo kuliko Rehema. Alitazama vidonge vyangu vya presha akasema vingine hukausha mate. Akanipima sukari, maana nayo hukausha, sukari haikuwapo. Akanionya nisiache vidonge kwa akili yangu, na kweli nilikuwa nimeshawaza hivyo. Daktari ndiye ataangalia kama vinaweza kubadilishwa. Maji ninywe funda moja moja siku nzima, pipi basi, mswaki asubuhi na kabla ya kulala, chakula kiwe na mchuzi. Alisema mate ndiyo yanayolinda meno. Umri wote huu sikujua kwamba mate yana kazi.

Sasa natembea na chupa ndogo. Mtoto akiniamkia nainua kidole asubiri, nalowesha ulimi, naitikia. Mama Shida nimemweleza, na siku hizi ndiye anayewagombeza wasioningoja. Nimemwambia pia chupa kanunua Rehema.

Lakini mama?

Tangu nirudi naiona ile midomo ikicheza. Niko jikoni naiona, nafua naiona. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananiitikia, kila mara alikuwa ananiitikia, na mimi nikageuza mgongo kabla neno halijatoka. Na kile kikombe, sikuwahi hata kuchungulia kama kina maji.

Kesho nakwenda Kidete, kaburini kwake. Nitachukua chupa yangu. Nitasema shikamoo mama, kisha nitakaa chini.

Safari hii nitangoja.