Mama Yako Yuko Kwenye Mapya

Dukani kwangu,
Chumba cha nyuma,
Jumatano, 14 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Kifaranga,

Marahaba kwa shikamoo yako ya kwenye simu. U hali gani huko? Kifua kimetulia, au baridi bado inakukohoza? Sisi tu wazima. Mgongo unaniuma, lakini mgongo uliowahi kubeba jokofu peke yake hadi ghorofa ya nne, tena likiwa limejaa maji, una haki ya kuuma.

Ile kazi uliyoniomba nimeimaliza. Kanda zote za marehemu mama yako ziko kwenye kompyuta, usikie sauti yake mwenyewe. Moja panya alikuwa ameitafuna. Nikaiunga kwa rangi ya kucha ya mkaza mjomba wako, na sasa inasikika kuliko ilipokuwa mpya. Mafundi wenye vyeti walikuja kutazama, wakaniuliza rangi hiyo inauzwa wapi.

Sasa sikiliza. Ile programu ya kupanga muziki ina ujanja wake: huandiki maelezo ya kila faili. Unaiambia isome jina la faili, yenyewe inajaza ni nani anayesikika, anasema nini, mwaka gani. Nami faili nimezipa majina kama ninavyoandika kanda za wateja siku zote: mtu, jambo, halafu mwaka niliohamisha, nijue nani hajaja kuchukua mzigo wake. Nikabonyeza mara moja, ikajaza zote. Nikajipongeza kwa chai.

Asubuhi yake nafungua duka, kompyuta inawaka, na juu kabisa, palipoandikwa Mapya, yuko dada yangu. Dada, anambembeleza mtoto, mwaka huu. Dada, anagombana na jogoo, mwaka huu. Mashine imeamini kasema juzi. Mimi niliyewahi kulala makaburini kwa kushindana, niliketi kwenye kiti cha wateja kama mteja.

Bibi yako akanikuta hapohapo.

“Kasema lini haya?”

“Zamani, mama. Mashine imekosea mwaka.”

“Mashine au wewe?”

“Mimi, mama.”

“Haya, mfungulie.”

Tangu hapo anakuja kila asubuhi, anasikiliza kipya kimoja, anaondoka. Usidhani amechanganyikiwa. Nilimdadisi kwa upole, akanijibu, “Nilimwosha kwa mikono hii. Unanifundisha nini wewe?”

Fundi saa wa jirani haingii tena. Anasema alisikia mtu akimwita kwa jina lake la utotoni. Kweli, kwenye kanda moja mama yako anamtania kwa jina hilo, lakini siku aliyolisikia kompyuta ilikuwa imezimwa, umeme umekatika mtaa mzima. Najua mnasema natia chumvi. Hapa sijatia hata punje: nilikuwa nimekaa palepale, nami nilisikia.

Nikaogopa, nikarekebisha. Kila faili nikaipa mwaka wake wa kweli. Dada akashuka chini kabisa ya orodha, nyuma ya matangazo ya zamani ya sabuni. Bibi yako akaja, akakaa, akatazama Mapya. Hakuna kitu.

“Amenyamaza,” akasema, akajifunika mtandio.

Siku hiyo hakula. Na iliyofuata hakula.

Basi nimeurudisha mwaka wa uongo, mpwa wangu. Jana alisikiliza ugomvi wa jogoo, akacheka, akaomba chai na ya pili.

Mkaza mjomba wako anakusalimu, na binamu yako Kipara. Fundi saa naye anakusalimu, akiwa ng'ambo ya barabara.

Faili zako ziko kwenye flashi, ndani ya bahasha hii. Hizo nimeziachia miaka ya kweli, maana wewe ni mwanawe, una haki ya kujua alinyamaza lini. Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, akurudishe kwetu salama. Na siku ukija, ukikuta dukani mama yako kasema leo asubuhi, usitusahihishe.

Mjomba wako asiyeacha kukuwaza,

Fundi Kanda